Kelele, Vitisho na Uhuni Mtaani: Namna ya Kufikisha Malalamiko Hadi Yafanyiwe Kazi

Maswali yanayonifikia ni yaleyale, hubadilika jina la mtaa tu. Anayeuliza kutoka Uyole ana baa nyuma ya ukuta wake inayopiga muziki hadi alfajiri. Wa Kihesa, Iringa, ana vijana wa kijiweni wanaomtukania binti kila atokapo shule. Wa Makambako alikwenda kituo cha polisi akaambiwa aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda kwa mwenyekiti akaambiwa jambo hilo ni la polisi, na sasa anauliza aelekee wapi. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mbeya, na kabla ya hapo nilikuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza na nimeona malalamiko mengi ya haki yakifa.

Rushwa ipo na uvivu upo, lakini mengi niliyoyaona yalikufa kwa kukosa karatasi. Mwaka wangu wa kwanza katika kamati, mama mmoja alinieleza kwa uchungu habari za kilabu cha pombe kilichokuwa mlangoni kwake. Nilimwahidi kulishughulikia, nami sikuandika hata neno moja. Mwenye kilabu alipoitwa ofisini aliuliza kwa upole kabisa, ‘Siku gani? Saa ngapi? Nani alikuwepo?’, nikabaki nimemkodolea macho, na yule mama akaonekana mchonganishi mbele ya majirani zake. Kosa lilikuwa langu. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya somo hilo.

KWANZA, TAMBUA UNASHUGHULIKA NA NINI

Kama wakati huu kuna mtu mwenye panga mlangoni, mtoto yuko hatarini au kuna anayepigwa, acha kusoma, piga 112 na uwaite majirani kwa sauti. Kwa habari za mtoto anayeteswa au kunyanyaswa ipo pia namba 116, ambayo ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana.

Yasiyo ya dharura yagawe katika mafungu mawili. Kosa la jinai ni kama kupiga, kutishia kuua, kuvunja, kuiba, kuharibu mali au kubaka, na haya huenda polisi moja kwa moja bila kupitia kwa mwenyekiti. Kero ni kama kelele, taka, maji machafu yanayotiririshwa barabarani, walevi wanaojisaidia ukutani kwako na vijiwe vinavyoziba njia, na hizi huanzia mtaani. Mpaka wa mafungu hayo si ukuta wa matofali, kwa sababu matusi ya hadharani yanayoweza kuleta uvunjifu wa amani ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kero inayowaathiri watu wengi kwa pamoja inaweza pia kuwa kosa chini ya sheria hiyohiyo. Ukishindwa kuamua, fuata kanuni ninayoitumia mimi: palipo na mkono uliomgusa mtu, silaha, au tishio la kumdhuru mtu anayetajwa, hilo ni la polisi.

VITU VYA KUANDAA KABLA HUJAANZA

Andaa daftari la kurasa 48 ambalo halitatumika kwa kazi nyingine, kalamu ya wino, simu yenye saa na tarehe sahihi, kitambulisho chako pamoja na nakala yake, na fedha kidogo ya fotokopi. Pata majina ya majirani wawili au zaidi walio tayari kusema walichokiona. Fahamu jina kamili la mtaa na kata yako, maana wapo wanaoandika ‘Mwanjelwa’ ilhali nyumba yao iko kata jirani, na barua ikifika ofisi isiyo yake hulala huko. Pita pia ofisi ya mtaa unakili namba za simu za mtendaji na za polisi kata, ambazo mara nyingi hubandikwa ukutani au mlangoni. Kwa walio vijijini, iwe Rungwe, Mufindi au Kilolo, kila ninapotaja mwenyekiti na mtendaji wa mtaa ninyi someni mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji.

HATUA

1. Fungua daftari la matukio.

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Kila tukio liandike siku hiyohiyo, ukitaja tarehe, saa, mahali, kilichotokea, aliyekuwepo na ulichofanya. Usiandike ‘wanatusumbua sana kila siku’, kwa sababu hakuna afisa anayeweza kuifanyia kazi sentensi hiyo. Andika hivi:

‘Ijumaa tarehe 6, saa 4:50 usiku. Muziki unasikika chumbani, madirisha yote yamefungwa. Nimempigia mtendaji saa 4:55, hakupokea. Saa 7:20 usiku bado unaendelea, mtoto ameamka mara ya pili. Jirani wa upande wa kushoto amesikia pia, tumeongea asubuhi.’

Zingatia saa. Simu nyingi huandika 23:40, sisi tunasema saa 5:40 usiku, na polisi wana uandishi wao. Chagua mtindo mmoja, na ukiandika kwa saa zetu usiache kamwe neno ‘usiku’ au ‘asubuhi’, kwani nimeshuhudia shahidi akionekana mwongo kwa sababu tu daftari lake lilisema ‘saa 5’ na yeye akasema ‘saa kumi na moja’. Wiki mbili au tatu za kumbukumbu za namna hii zinatosha kwa kero za kawaida. Kwa vitisho usisubiri hata siku moja.

Sauti na picha za simu zinasaidia, na ushahidi wa kielektroniki hupokelewa mahakamani kwa masharti yaliyowekwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Hifadhi faili la awali kwenye simu iliyorekodi, usilikate wala kulipamba. Ujumbe wa vitisho usiufute hata kama unakutia kichefuchefu. Piga picha ya kioo cha simu ikionyesha namba na tarehe, kisha uache ujumbe wenyewe palepale ulipo.

2. Zungumza na mhusika, iwapo ni salama.

Jirani anayewasha sabufa usiku huenda hajui kwamba ukuta wenu ni wa tofali moja. Nenda mchana, akiwa hajanywa, ukiwa na mtu mzima mwingine anayeheshimika kwa pande zote mbili, useme shida yako bila kuleta habari za tabia yake wala za kabila lake. Andika daftarini kwamba mlizungumza. Kwa mtu aliyewahi kukutishia, kukupiga au kukufuatafuata, hatua hii irukeni kabisa, na asikulaumu mtu kwa kuiruka.

3. Peleka barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mwenyekiti.

Hapa kuna mkanganyiko wa muda mrefu. Balozi wa nyumba kumi, ambaye wazee wetu wengi bado huanzia kwake, ni kiongozi wa shina la chama, si wa serikali. Anaweza kukusindikiza na kukushauri, lakini barua ya balozi haifungui jalada popote. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, na nguvu yake ni ya kuita watu, kuwasuluhisha na kuitisha mkutano. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye anayetunza kumbukumbu za ofisi na kuandikia ngazi ya juu. Kwa hiyo barua iende kwake, na mwenyekiti apewe nakala ili asijione amerukwa.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Juu kulia weka anwani na tarehe, chini yake kushoto anwani ya mtendaji, kisha kichwa: ‘YAH: MALALAMIKO KUHUSU KELELE ZA USIKU KATIKA MTAA WA …’. Aya ya kwanza ieleze wewe ni nani na unaishi wapi. Ya pili ieleze matukio matatu au manne kutoka daftarini, yenye tarehe na saa. Ya tatu iseme unachoomba, mathalani mhusika aitwe katika kikao, au muziki uzimwe kwa saa zilizowekwa katika leseni. Majirani wanaokubaliana nawe waandike majina na sahihi zao. Barua yenye sahihi saba haipokelewi kwa mkono uleule unaopokea barua ya mtu mmoja, hilo nakuhakikishia.

Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na isainiwe na aliyeipokea, kisha urudi nayo nyumbani. Ukiambiwa muhuri haupo, omba sahihi na jina. Ukiambiwa acha tu, nitaishughulikia, sema kwa heshima, ‘Samahani mtendaji, naomba unisainie nakala yangu kwa kumbukumbu zangu,’ na ukae palepale kwenye benchi mpaka isainiwe.

4. Hudhuria kikao, na uondoke na makubaliano yaliyoandikwa.

Mara nyingi utaitwa wewe na mlalamikiwa. Sema yaliyo daftarini na uishie hapo. Mkiafikiana, hakikisha maafikiano yanaandikwa: nani atafanya nini, kuanzia tarehe gani, na akikiuka litafuata nini. Pande zote zisaini na kila upande upate nakala. Usiridhike na kupeana mikono na soda, hata kama kikao kimemalizika kwa kicheko.

Kama mtaa umeshindwa, lipo Baraza la Kata, lililoundwa chini ya Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 kwa ajili ya kuleta amani na usuluhishi katika kata. Wajumbe wake hawapungui wanne wala kuzidi wanane. Linafaa sana kwa ugomvi wa majirani wanaolazimika kuendelea kuishi pamoja, wanaochota maji bomba moja na kuzikana. Halifai kwa ukatili wala kwa jambo lolote ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, kwa sababu mwenye hofu atakubali chochote ili kikao kiishe.

5. Kwa kero za biashara, nenda kwenye leseni.

Baa, kilabu, grosari yenye spika nje, gereji inayofyatua kelele usiku, zote zinaishi kwa leseni zinazosimamiwa na halmashauri. Baada ya mtaa kushindwa, andika kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, iwe Jiji la Mbeya, Manispaa ya Iringa au halmashauri ya wilaya yako, na barua hiyo uifikishe masjala, ambako itapewa namba ya kumbukumbu. Ambatisha nakala ya barua ya mtaa yenye muhuri na kurasa za daftari. Halmashauri ina afisa afya, afisa mazingira na afisa biashara, na kila mmoja ana mlango wake: maji machafu na vyoo ni vya afisa afya, kelele ni za mazingira, saa za kufunga na uhalali wa biashara ni vya afisa biashara. Kutaja mlango sahihi ndani ya barua hupunguza safari ya karatasi kutoka meza hadi meza.

Kelele zina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa kelele, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitungwa mwaka 2015. Kwa hiyo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ambalo kanda yake ya Nyanda za Juu Kusini ina ofisi Mbeya, linaweza kupima kelele kwa chombo maalumu na kuchukua hatua dhidi ya mhusika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba leseni ya vileo huisha muda wake na kuombwa upya. Pingamizi la wakazi likiwa masjala kabla ya siku hiyo lina uzito kuliko kelele zetu zote za mwaka mzima, kwa sababu mwenye baa anayeweza kumpuuza mwenyekiti hawezi kuipuuza leseni. Muulize afisa biashara leseni hiyo inaisha lini, uandike tarehe hiyo kwenye jalada la daftari lako. Kwa wenzetu wa Iringa, ambako wakati wa mvua ulanzi hutoka kwa wingi na vilabu hujaa, barua isingoje msimu ufike.

6. Kwa kosa la jinai, nenda polisi, na usitoke bila RB.

Polisi kata, pale alipopangwa, ni mlango mzuri wa kwanza kwa vijiwe na vibaka wa mtaani, kwa sababu anaijua kata, anafanya kazi na vikundi vya ulinzi shirikishi na anaweza kupanga doria kwa saa ulizozionyesha katika daftari. Lakini kesi hufunguliwa kituoni.

Ukifika kaunta, msalimie askari wa zamu na useme shauri lako kwa sentensi moja: ‘Afande, nimekuja kuripoti kutishiwa kuuawa, jana saa mbili usiku nje ya nyumba yangu, mashahidi wapo wawili.’ Hadithi ndefu ya ugomvi wa mwaka juzi ianze baadaye, ukiulizwa. Taarifa huandikwa katika kitabu cha taarifa na hupewa namba, ambayo sote tunaiita RB, yenye herufi za kituo, namba na mwaka. Inakili mwenyewe katika daftari, usitegemee kikaratasi peke yake. Nimeviona vikaratasi vya RB vilivyofuliwa pamoja na suruali. Huduma hii ni bure.

Kisha utaandikwa maelezo. Hapa nenda polepole. Askari huandika kwa lugha yake ya kikazi, na baada ya hapo hukupa usaini. Soma kila mstari au uombe usomewe, na kama umeandikiwa ‘alinisukuma’ ilhali alikupiga kwa rungu, omba pasahihishwe kabla hujaweka sahihi. Mahakamani utaulizwa juu ya karatasi hiyo.

Kama umeumizwa, omba Fomu namba 3 ya Polisi, yaani PF3, uende nayo hospitali, ambako daktari ataijaza. Mwenye hali mbaya apelekwe hospitali kwanza na ndugu yake afuate fomu kituoni. Jina na namba ya simu ya mpelelezi viandike kabla ya kuondoka.

7. Mhudumie aliyeathirika sambamba na kesi, si baada yake.

Kesi inaweza kuchukua miezi. Mtu aliyetishiwa au kupigwa anahitaji kulala usiku wa leo.

Kwa ukatili wa kijinsia na kwa watoto, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako unaweza kusikilizwa faraghani, mbali na macho ya watu wa kaunta. Unaweza kwenda moja kwa moja na kusema, ‘Naomba kuonana na afande wa dawati,’ bila kueleza shida yako kaunta. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana sehemu moja.

Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo, na isipite saa 72, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya VVU baada ya tukio hufanya kazi ndani ya muda huo. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwani unyevu huharibu ushahidi. Maneno haya ni magumu kumwambia mtu anayelia na kutetemeka, na silika ya kila mama ni kumwogesha mwanaye. Mshike mkono, mfunike khanga au blanketi, na mwende kama alivyo.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kumwona pale mtoto anapohitaji mahali salama, au pale ambapo anayesumbua mtaa ni mtoto mwenyewe. Sheria yetu haimtii hatiani mtoto aliye chini ya miaka 10, na aliye chini ya miaka 18 hushughulikiwa kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Vijana wa miaka 14 wanaovunja vioo hapo mtaani kwenu hawatakoma kwa kulala mahabusu na wezi wazoefu, na mimi kwa upande wangu nimeona kikao cha wazazi, mwalimu na afisa ustawi kikizaa matunda kuliko pingu.

Msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo hutolewa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe.

8. Fuatilia kwa ratiba.

Chagua siku moja katika wiki. Siku hiyo nenda au piga simu, na uandike daftarini ulichojibiwa na nani. Kwenda kila siku hukufanya uchokwe, na kukaa mwezi mzima kimya hufanya jalada lako lilale chini ya mengine.

MAKOSA YANAYOHARIBU MASHAURI MAZURI

Kumpiga mtuhumiwa au kumchoma moto ni kosa zito kuliko lile alilotuhumiwa, na waliopiga filimbi na kukusanyika ndio watakaotafutwa. Ulinzi shirikishi unamshika mtu na kumfikisha kituoni, basi.

Kurusha picha ya mtuhumiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ukiandika ‘mwizi huyu’ kunaweza kukugeuza wewe kuwa mlalamikiwa, hasa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Picha mpe mpelelezi.

Kuongeza chumvi nako ni hatari. Ukisema walikuwa kumi wakati walikuwa watatu, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo, na taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa.

Kubwa kuliko yote ni kumaliza ubakaji au unyanyasaji wa mtoto kwa kikao cha familia, ng'ombe mmoja na maandishi ya makubaliano mbele ya kiongozi wa mtaa. Makosa hayo hayana usuluhishi. Kiongozi anayeyasuluhisha anajiweka pabaya yeye mwenyewe, na kama wewe ni mjumbe wa kamati ukaletewa jambo la namna hiyo, inuka na uwasindikize dawatini.

UKIKWAMA

Kituoni wanakwambia uanzie kwa mwenyekiti. Kama ni kosa la jinai, omba kuonana na mkuu wa kituo na urudie ile sentensi moja. Asipokusikiliza, andika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, ukitaja tarehe na saa uliyofika kituoni. Sijaona wengi waliolazimika kupanda hadi kwa kamanda wa mkoa, lakini mlango huo upo.

Unaombwa fedha ya mafuta ya gari, ya karatasi au ya ‘soda ya vijana’. Kataa kwa upole na uandike nani, lini na kiasi gani. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, na haitozwi.

Mwenyekiti ni shemeji wa mwenye baa. Hili hutokea, mitaa yetu ni midogo. Peleka barua kwa mtendaji peke yake na nakala kwa mtendaji wa kata, na ueleze uhusiano huo kwa sentensi moja isiyo na kejeli. Unaweza pia kulileta katika mkutano wa hadhara wa wakazi. Vijijini mkutano mkuu hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi 3, na hoja iliyoandikwa katika muhtasari wa mkutano ni vigumu kuizika.

Mtuhumiwa ameonekana mtaani kesho yake. Dhamana si kuachiwa huru. Ni haki ya mshtakiwa kwa makosa mengi. Akikutishia tena, hilo ni tukio jipya lenye RB yake, na umweleze mpelelezi siku hiyohiyo ili alifikishe panapohusika. Mahakama ina uwezo wa kumtaka mtu atoe dhamana ya kutunza amani kwa muda maalumu, kwa hiyo waulize mpelelezi na mwendesha mashtaka kuhusu njia hiyo.

Mashahidi wanaogopa. Usiwalazimishe. Waulize kama wangekubali kuzungumza na polisi kata nje ya mtaa, au kuandika wenyewe walichokiona. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ipo kwa ajili ya watu kama hao, na wakati mwingine kuwafahamisha tu kwamba ipo huwapa moyo.

Polisi wamesema ni jambo dogo. Kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida au matusi unaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri husikilizwa kwa Kiswahili, na karani atakuelekeza namna ya kufungua malalamiko. Nenda na daftari, nakala zenye muhuri na majina ya mashahidi.

Askari au ofisa mwenyewe ndiye amekutendea vibaya. Pamoja na wakubwa wake, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Kero imekoma, kisha imerudi baada ya miezi minne. Usianze upya. Fungua daftari lilelile, andika tarehe mpya chini ya ile ya mwisho, na upeleke nakala ya makubaliano ya kwanza pamoja na barua fupi ya mistari mitano. Yule mama wa kilabu cha pombe, ambaye mara ya pili alikuja na daftari lake mwenyewe lililofunikwa kwa gazeti, alirudi ofisini kwetu kwa njia hiyo, na safari hiyo mwenye kilabu hakuuliza siku gani wala saa ngapi.